Nyerere na vita ya anga: Mpaka wa Namanga ulipofungwa ili KIA ipate abiria

Na Mwandishi Wetu, Arusha

JINA la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere linapotajwa jijini Arusha, wengi hukumbuka Azimio la mwaka 1967 na siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kiongozi huyo alipigana pia vita moja ndefu ya kibiashara, ambayo uwanja wake wa mapambano ulikuwa anga ya Afrika Mashariki. Kilichokuwa kikigombewa ni kama mtalii anayekuja kuuona Mlima Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti angeshukia na kuacha fedha zake Nairobi au Arusha.

Silaha zake katika vita hiyo zilikuwa mbili: kiwanja kikubwa cha ndege kilichojengwa baina ya milima ya Kilimanjaro na Meru, na mpaka wa Namanga. Kiwanja kilianza kazi mwaka 1971, na mpaka ukafungwa mwaka 1977. Kila moja ilikuwa na mantiki yake, lakini zote mbili kwa pamoja hazikuleta ushindi uliotarajiwa.

Maisha ya Mwalimu kwa upande huu ni historia ya mtu aliyetamani nchi tatu ziwe na anga moja, kisha akajikuta rais wa nchi iliyolazimika kuanzisha shirika lake la ndege katika muda wa wiki tano.

Kutoka Butiama hadi New York

Nyerere alizaliwa Aprili 13, mwaka 1922 katika kijiji cha Butiama, mashariki ya Ziwa Victoria, akiwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Shule ya Mwisenge mjini Musoma, akaendelea Tabora na baadaye Chuo cha Makerere nchini Uganda. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, ambako miongoni mwa masomo yake ilikuwamo historia na uchumi. Aliporejea mwaka 1952 alifundisha katika shule ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam.

Wakati huo habari kubwa ya siasa nchini ilikuwa ikitoka katika miteremko ya Mlima Meru. Mwishoni mwa mwaka 1951 Serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alisafiri hadi Umoja wa Mataifa mjini New York kuwasilisha malalamiko yao. Ardhi hawakurudishiwa kwa wakati huo, lakini Watanganyika wengi walijifunza kwamba safari ya mbali iliyolipiwa na wananchi wenyewe inaweza kuifikisha sauti ya wanyonge mahali ambapo mkoloni hakupenda ifike.

Miaka mitatu baadaye njia hiyo hiyo ilitumiwa na chama cha TANU, kilichoanzishwa Julai 7, mwaka 1954 chini ya uongozi wa Nyerere. Wanachama walichanga nauli, na Machi 1955 mwalimu huyo wa Pugu alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporejea alitakiwa kuchagua kati ya kazi ya ualimu na siasa. Alichagua siasa na kuacha kazi.

Kwa mtu aliyeanza hivyo, usafiri wa ndege haukuwa anasa. Ulikuwa chombo cha kujenga nchi, na kwa fikra zake nchi hiyo haikuishia Namanga. Mwaka 1960 alitangaza kwamba yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika endapo kufanya hivyo kungeziwezesha nchi za Afrika Mashariki kupata uhuru kwa pamoja na kuungana. Juni 5, mwaka 1963 yeye, Jomo Kenyatta wa Kenya na Milton Obote wa Uganda walitia saini mjini Nairobi tamko la kuunda shirikisho. Shirikisho hilo halikuzaliwa, na mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutumia sarafu yake.

Kilichobaki mikononi mwa nchi hizo tatu ni huduma za pamoja zilizorithiwa kutoka kwa mkoloni: reli, bandari, posta na simu, pamoja na ndege.

Shirika moja, mahesabu matatu

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianzishwa Januari 1, mwaka 1946 likimilikiwa na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilianza na ndege ndogo aina ya Dragon Rapide, likapata DC-3, na mwaka 1960 likaingia katika zama za injini za jeti kwa kununua ndege aina ya Comet 4. Mwaka 1966 lilianza kupokea ndege kubwa aina ya Super VC10. Kwa shirika la Kiafrika la wakati huo hayo yalikuwa mafanikio makubwa, maana ndege zake zilikuwa zikifika London, Bombay na Karachi.

Juni 6, mwaka 1967, miezi minne baada ya Azimio la Arusha, marais watatu walitia saini mjini Kampala mkataba wa kuunda Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza kutumika Desemba 1 mwaka huo. Makao makuu ya Jumuiya yalipelekwa Arusha. Mashirika yake yaligawanywa ili kila nchi ipate chake: bandari makao yake yakawa Dar es Salaam, posta na simu Kampala, na reli na ndege vikabaki Nairobi.

Mgawanyo huo ulibeba chanzo cha ugomvi uliofuata. Pale lilipo shirika la ndege ndipo zilipo karakana zake, marubani wake, mafundi wake, ajira zake na ghala lake la vipuri. Pale pale ndipo mashirika ya nje nayo hupenda kutua, kwa sababu abiria akishuka hapo hupata ndege ya kumuunganisha kwenda kokote. Embakasi ilikuwa na hayo yote. Arusha, pamoja na kuwa makao makuu ya Jumuiya, ilikuwa na kiwanja kidogo kisichoweza kupokea ndege kubwa.

Tanzania ililalamika kwamba Nairobi inanufaika kupita wenzake. Kenya nayo ilikuwa na hoja yake. Safari za nje ndizo zilizokuwa zikiingiza fedha, na nyingi zilianzia Nairobi, ilhali Tanzania, nchi kubwa kuliko wenzake wawili wakiwekwa pamoja, ilihitaji safari nyingi za ndani zenye umbali mrefu na abiria wachache. Ndege inayokwenda na viti vitupu hula mafuta karibu sawa na iliyojaa. Kwa mtazamo wa Kenya, faida ya safari za London ilikuwa ikitumika kuziba hasara ya safari za mikoani Tanzania.

Kwa Nyerere hiyo ndiyo ilikuwa maana ya ujirani: aliyepata zaidi humbeba aliyepata kidogo. Kwa wafanyabiashara wa Nairobi hilo lilikuwa deni lisilo na mwisho. Pande zote mbili zilisema kweli juu ya mahesabu, na zilitofautiana juu ya kile ambacho shirika la umma linapaswa kufanya.

Kiwanja baina ya milima miwili

Kulikuwa na sekta moja ambayo Tanzania haikukubali kuendelea kubebwa: utalii. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtalii wa kawaida kutoka Ulaya au Marekani alitua Nairobi, akalala huko, akapanda gari la kampuni ya huko, akavuka Namanga, akaangalia wanyama Manyara, Ngorongoro na Serengeti kwa siku chache, kisha akarudi Nairobi kupanda ndege ya kwao. Tanzania ilibaki na ada za hifadhi na vumbi la magari. Sehemu kubwa ya malipo ya safari ilibaki upande wa pili wa mpaka.

Jibu la Serikali ya Nyerere lilikuwa la kimkakati. Katika tambarare ya Sanya, wilayani Hai, umbali wa takriban kilomita 50 kutoka Arusha, kulijengwa kiwanja cha kimataifa chenye njia ya kurukia inayozidi kilomita tatu na nusu, kinachoweza kupokea ndege kubwa kutoka Ulaya bila kupitia Nairobi. Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro, maarufu kwa jina la KIA, kilianza kazi Desemba 1971. Katika miaka hiyo hiyo dola ilijenga hoteli za kitalii Seronera na Lobo ndani ya Serengeti, na nyingine kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro.

Hesabu ilikuwa nyepesi kueleweka. Mlima ni wetu, kreta ni yetu, nyumbu ni wetu, na sasa kiwanja ni chetu. Mtalii akishuka KIA, basi gari, dereva, hoteli na chakula vyote vitalipiwa Tanzania.

Hesabu hiyo ilikuwa na tundu moja. Shirika la ndege la nje haliendi mahali kwa sababu ya mlima peke yake. Hutazama kama ndege itajaa wakati wa kuja na wakati wa kurudi, kama kuna mzigo wa kubeba tumboni, kama mafuta yapo na kama kuna mafundi ndege ikiharibika. Hutazama pia kama kuna biashara mwaka mzima, kwani watalii wana msimu. Nairobi ilikuwa na wafanyabiashara, mabalozi na mashirika ya kimataifa waliosafiri masika na kiangazi. KIA ilikuwa na watalii peke yao, na wengi wao tayari walikuwa wamezoea kuuziwa Nairobi katika ofisi za mawakala wa London na Frankfurt.

Marais wasiokutana

Wakati kiwanja kikikaribia kukamilika, Jumuiya yenyewe ilipata pigo. Januari 25, mwaka 1971 Jenerali Idi Amin alimpindua Obote. Nyerere alimpokea Obote Dar es Salaam na kukataa kumtambua Amin. Kwa mujibu wa mkataba, chombo cha juu cha Jumuiya kilikuwa Mamlaka ya marais watatu. Nyerere hakukubali kukaa meza moja na Amin, na Mamlaka hiyo haikukutana tena.

Msimamo huo ulikuwa wa kimaadili, na historia ilikuja kuonyesha kwamba Mwalimu hakukosea juu ya mtu aliyekuwa akimkataa. Lakini ulikuwa na gharama zake. Mashirika ya pamoja yalihitaji uamuzi wa marais kuhusu mitaji, madeni na mgawanyo wa mapato, na uamuzi huo haukupatikana.

Shirika la ndege ndilo lililoumia kwanza, kwa kuwa biashara ya ndege haisubiri. Aprili 18, mwaka 1972 moja ya Super VC10 zake ilipata ajali wakati ikijaribu kuruka mjini Addis Ababa, na watu 43 walipoteza maisha. Mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani kote. Nchi wanachama, zote zikiwa na uhaba wa fedha za kigeni, zilianza kuzuia fedha zilizokusanywa katika maeneo yao zisipelekwe makao makuu Nairobi. Kenya ikasema inabeba mzigo peke yake, na Tanzania ikasema haioni inachopata.

Mjini Arusha, maofisa wa Jumuiya kutoka nchi tatu waliendelea kwenda kazini katika majengo mapya ya makao makuu, wakisimamia umoja ambao wakubwa wake walikuwa hawazungumzi.

Februari 4, mwaka 1977

Mwishoni mwa Januari 1977 ndege za shirika zilisimamishwa, nyingi zikiwa Nairobi. Kenya tayari ilikuwa na mpango. Januari 22 mwaka huo ilianzisha Kenya Airways, na Februari 4 ndege zake zilianza safari, ikitumia Boeing 707 zilizokodiwa kutoka Uingereza. Karakana, mafundi na kiwanja vilikuwa hapo hapo Embakasi.

Siku hiyo hiyo, Februari 4, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya.

Tarehe yenyewe ilikuwa na uzito. Siku moja baadaye, Februari 5, TANU na Afro-Shirazi viliungana na kuzaliwa Chama Cha Mapinduzi, ikiwa ni miaka kumi tangu kutangazwa Azimio la Arusha. Nyerere, aliyekuwa akiunganisha vyama viwili ndani ya nchi yake, alikuwa akishuhudia kuvunjika kwa umoja wa nchi tatu alioupigania kwa zaidi ya miaka 15.

Magari ya utalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa upande wa Tanzania zilizuiwa. Barabara ya Arusha kwenda Namanga, yenye urefu wa kilomita zipatazo 110, ilibaki kimya. Lango la Bologonja, ambalo watalii walilitumia kuvuka kati ya Serengeti na Maasai Mara, lilifungwa, na hadi leo watalii hawapiti hapo.

Machi 11, mwaka 1977 lilianzishwa Shirika la Ndege Tanzania, ATC. Lilianza na rasilimali chache, likahudumia mikoa kwa ndege aina ya Fokker Friendship na Twin Otter, na baadaye likapata Boeing 737 mbili. Safari za ndani ambazo Nairobi iliziona hasara sasa zilikuwa jukumu la Dar es Salaam, na Mwalimu aliona kwamba ni lazima zifanyike, kwani bila ndege Bukoba, Mwanza na Kigoma zilikuwa mbali mno na makao makuu ya Serikali.

Lango bila abiria

Kufungwa kwa mpaka kulikuwa hasira ya kisiasa, lakini ndani yake kulikuwa pia na mkakati wa biashara. Kama Namanga imefungwa, mtalii anayetaka Serengeti hana budi kuja moja kwa moja. KIA ingepata abiria wake, na magari na hoteli za Tanzania zingepata wateja.

Mambo hayakwenda hivyo. Mawakala wa Ulaya hawakuhamisha wateja wao kutoka Nairobi kwenda KIA, bali walibadilisha ratiba za safari. Badala ya Serengeti waliuza Maasai Mara, ambako nyumbu wale wale huvuka kila mwaka. Badala ya kumleta mtalii Moshi kuutazama Kilimanjaro, walimpeleka Amboseli, ambako mlima huo huonekana vizuri kutoka upande wa Kenya. Kenya ilipoteza hifadhi za jirani lakini ikabaki na wageni. Tanzania ilibaki na hifadhi, na idadi ya wageni ikaporomoka.

Aliyeumia zaidi alikuwa mtu wa Kaskazini. Madereva, wapishi na waongoza watalii wa Arusha waliona msimu baada ya msimu ukipita na magari machache. Wafugaji wa Kimaasai, ambao ndugu zao na malisho yao vilikuwa pande zote mbili, walikuta mstari wa ramani umekuwa ukuta. Watumishi wa Jumuiya walipoteza ajira, na wale wa Kenya na Uganda wakarudi kwao. Majengo ya makao makuu yalibaki bila mwenyewe, hadi mwaka 1978 yalipokabidhiwa kwa Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, AICC.

Kabla shirika jipya halijakomaa, Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Vita iliyofuata, iliyomwondoa Amin Kampala Aprili 1979, ilikausha hazina ya fedha za kigeni. Shirika la ndege hununua mafuta, vipuri na bima kwa fedha za kigeni, na nchi iliyotoka vitani haikuwa nazo.

Mwaka 1982 ndege ya shirika hilo ilimletea Mwalimu jaribu la aina nyingine. Februari 26 Boeing 737 iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana wa Kitanzania, ikapelekwa Nairobi, Jeddah na Athens, na hatimaye ikatua Stansted, Uingereza. Watekaji walidai Nyerere ajiuzulu. Hakujiuzulu, na siku mbili baadaye walijisalimisha.

Arusha yamaliza shauri

Kadiri miaka ilivyopita, ilidhihirika kwamba mpaka uliofungwa haukuwa ukimwadhibu jirani peke yake. Kenyatta alikuwa amefariki dunia Agosti 1978 na nafasi yake kuchukuliwa na Daniel arap Moi. Obote alikuwa amerudi madarakani Uganda. Mali za Jumuiya zilikuwa bado hazijagawanywa, na kazi ya kuzihesabu ilikuwa imekabidhiwa kwa mpatanishi, Dk. Victor Umbricht, raia wa Uswisi, kwa msaada wa Benki ya Dunia.

Novemba 1983 Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha na kuafikiana. Kenya ilipewa asilimia 42 ya mali, Tanzania asilimia 32 na Uganda asilimia 26. Mpaka wa Namanga ulifunguliwa tena baada ya kufungwa kwa takriban miaka sita na miezi tisa. Mkataba wenyewe wa mgawanyo ulitiwa saini Arusha Mei 14, mwaka 1984, mkoa ukiwa bado katika majonzi ya kumpoteza Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, mwana wa Monduli, aliyefariki dunia kwa ajali ya gari Aprili 12 mwaka huo.

Kwa Mwalimu huo ulikuwa uamuzi mgumu. Kufungua mpaka kulikuwa ni kukiri kwamba nguvu ya dola inaweza kumzuia mtu asipite, lakini haiwezi kumlazimisha aje. Hata hivyo hakutoka mikono mitupu. Mkataba huo wa mgawanyo uliacha mlango wazi kwa nchi tatu kutafuta maeneo mapya ya ushirikiano, na mlango huo ndio uliokuja kutumika baadaye.

Watumishi wa Jumuiya hawakupata nafuu haraka. Madai yao ya mafao yaliendelea kusikika mahakamani na mitaani hadi miaka ya 2000, wengi wakiwa tayari wazee.

Baada ya kung'atuka

Novemba 1985 Nyerere aling'atuka urais na kumwachia Ali Hassan Mwinyi. Chini ya uongozi mpya milango ya uchumi ilifunguliwa, na mwaka 1993 kampuni binafsi ya Precision Air ilianza kazi hapa hapa Arusha kwa ndege ndogo za kubeba watalii. Kazi ambayo dola ilijaribu kuifanya kwa kiwanja na mpaka, mfanyabiashara wa ndani aliianza kwa viti vichache, akaongeza ndege kadiri wateja walivyoongezeka.

Mwaka 2003, miaka minne baada ya Mwalimu kufariki dunia, Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa za kampuni hiyo. Mshindani aliyezuiwa Namanga mwaka 1977 aliingia Kaskazini kwa njia ya hisa. Mwishoni mwa mwaka 2002 ATC nayo ilikuwa imeuza asilimia 49 ya hisa zake kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini, ndoa iliyovunjika mwaka 2006. Shirika hilo la taifa lilikuja kufufuliwa kwa kununuliwa ndege mpya kuanzia mwaka 2016.

Miaka ya mwisho ya maisha yake ilimrudisha Nyerere Arusha mara kwa mara. Akiwa mpatanishi wa mgogoro wa Burundi, kuanzia mwaka 1998 aliongoza mazungumzo ya amani jijini hapa, mji uleule uliowahi kuwa makao makuu ya Jumuiya iliyovunjika mikononi mwake na wenzake. Kiongozi aliyewahi kukataa kukaa meza moja na Amin sasa alitumia siku zake kuwakalisha meza moja mahasimu wa nchi nyingine.

Oktoba 14, mwaka 1999 alifariki dunia katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, London, kwa ugonjwa wa saratani ya damu. Mwili wake ulirejeshwa nchini kwa ndege na kuzikwa Butiama Oktoba 23.

Karibu wiki saba baada ya kifo chake, Novemba 30, mwaka 1999, marais Benjamin Mkapa, Daniel arap Moi na Yoweri Museveni walitia saini mjini Arusha mkataba wa kuunda upya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba huo haukurudisha shirika la ndege la pamoja. Kila nchi ina lake, na ushindani haujakoma. Mwaka 2020 Tanzania ilizuia safari za Kenya Airways kutokana na mvutano wa masharti ya ugonjwa wa korona. Januari 2024 ilitangaza kuzizuia tena, safari hii kwa sababu Kenya ilikuwa imeinyima ndege ya mizigo ya Tanzania haki ya kubeba shehena kutoka Nairobi kwenda nchi nyingine. Mvutano wa kwanza ulimalizika katika wiki chache na wa pili katika siku chache, kwa mazungumzo.

KIA nayo haikubaki tupu. Leo ndege kutoka Ulaya, Uarabuni na nchi za jirani hutua hapo, na Nairobi ni moja ya miji inayouletea kiwanja hicho abiria. Mtalii anayeshuka humo akaona Kilimanjaro upande mmoja na Meru upande mwingine yuko mahali hasa ambapo Mwalimu alitaka ashukie. Baadhi ya wenzake huja kwa barabara ya Namanga.